Sanduku la Harusi Lililokwama Shimanzi

Mjukuu wangu Rukia,

Sote wazima, nyanyako angali anifokea, kwa hivyo afya anayo. Wauliza kama zamani tulijua kulinganisha majina yanayofanana, kama ifanyavyo kompyuta yako. Sikiza. Sanduku la nguo za bibi harusi lilifika ghala la mizigo la Shimanzi limeandikwa Swaleh Thabiti. Cheti changu chasema Saleh Thabit. Nikanyimwa, na bila sanduku babake nyanyako hanipi mke!

Karani mzee akafumba macho. “Nisomee yote mawili.” Akasikiza, akahesabu kwa vidole. “Yatofautiana herufi mbili tu. Mpeni bwana harusi!”

Nikajitwika sanduku mbio. Na mashine yako yalinganisha hivyo majina ya dunia nzima? Subhanallah!

Ila kufumba macho kuna hatari: nyanyako naye alifumba, akanikubali na sura hii.

Babuyo