Mama Hakukupa Kisogo

Kaka,

Huku hatujambo. Mama ameanza kuchana nywele mwenyewe, ila upande wa kulia tu.

Nina hasira nawe, sikufichi. Jumapili ulimsalimia ukiwa kushoto kwake. Aligeuka kulia kukutafuta, wewe ukaona amekupa kisogo. "Kama hanitaki, basi!" Ukabamiza mlango.

Ungeniuliza, ningekwambia alichosema daktari: macho ni mazima, ila tangu apate kiharusi ubongo wake hauyaelekezi kushoto. Kijiko kikiwa huko, hakioni mpaka nimsogezee.

Ulipoondoka aliniuliza, "Nimesikia sauti ya mwanangu, yuko wapi?"

Nikamwambia uko njiani. Rudi ukae kulia kwake. Usinifanye mwongo.

Dada yako