Rimoti ya Pili

Valea Stânei, 3 Machi

Mwanangu Dorina,

Habari za huko Brescia? Kifua kimepona? Na huyo bibi kizee unayemtunza, bado anakuita kwa jina la mfanyakazi aliyekutangulia? Sisi hatujambo, magoti yangu tu ndiyo yamegoma. Naandika barua na kumpa dereva wa basi dogo pamoja na jamu ya plamu, maana kwenye simu Ilinca anasikia kila neno.

Ulisema saa moja ya gemu kwa siku. Mwanao ana miaka kumi na minne na ananizidi ujanja. Nikizima, anawasha. Nikificha waya, ana mwingine. Hali, haogi, na mwalimu wake amechoka kunipigia. Basi siku ya arobaini ya baba yako nikapata dawa. Nilipokwisha kugawa ngano iliyochemshwa ya marehemu na taulo, nilichukua ile mashine ya gemu, nikabandika mshumaa juu yake, nikampa Veta, yule mjane wa mtoni. Nikasema, "Hii ni pomana ya Toader." Akaitika, "Mungu amsamehe." Imekwisha. Sadaka ya marehemu hairudishwi, hata Ilinca anajua. Amenuna, lakini hajathubutu kwenda kuidai.

Mama yako

Brescia, 10 Machi

Mama mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta umesimama kwa miguu yako. Mimi kifua kimetulia. Jamu imefika, chupa moja imevuja ikaloanisha soksi ulizonifumia.

Nimecheka mpaka yule bibi akadhani nimerukwa na akili. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kila kitu cha pomana humfikia marehemu huko aliko. Sasa Baba, ambaye hata redio aliiwasha kwa kuipiga kofi, umempa gemu ya matrekta. Atakusumbua huyo.

Nimekutumia kahawa na dawa ya magoti. Mbusu Ilinca. Namkumbuka mpaka naumwa.

Mwanao

Valea Stânei, 24 Machi

Mwanangu,

Nashukuru kwa dawa. Nimejipaka, sasa paka hataki kulala karibu nami. Je, unakula vizuri?

Wiki ya kwanza baada ya ile mashine kuondoka nilifurahi. Kisha siku moja, baada ya shule, nilimkuta Ilinca sebuleni ameketi mbele ya runinga. Runinga imezimwa, Dorina, na waya umechomolewa, niliushika kwa mkono wangu. Yeye ameshika rimoti ya pili ya gemu, ambayo mimi nilisahau kuitoa. Vidole vinabonyeza. Anasema, "Kata kushoto, Babu, utaingia mtaroni," halafu anacheka.

Nikamuuliza anaongea na nani.

"Na Babu. Ameshaanza kuelewa. Ila analalamika, viatu vinambana."

Hukuwahi kuambiwa hili. Miguu ya baba yako ilikuwa imevimba, tukamlazimishia viatu, mimi na Veta tuliomwosha, tukafunika kwa shuka. Hatukumwambia mtu. Nilikwenda kwa Veta. Mashine iko ndani ya gunia, haijaguswa, kwake umeme ulikatwa tangu Krismasi. Anaapa hajafungua mdomo. Naogopa, mwanangu.

Mama yako

Brescia, 31 Machi

Mama,

Hujambo kweli, au unajikaza? Tulia kwanza. Veta ana mdomo mwepesi, alimsimulia mtu na mtoto akasikia. Ilinca anamlilia babu yake na gemu yake kwa pamoja, basi. Mnyang'anye hiyo rimoti, itie kwenye jiko la kuni. Na ongea na padri, ili roho yako ipoe.

Nimeomba likizo. Binti wa bibi ninayemtunza anasema nisubiri mpaka Pasaka ipite.

Mwanao

Brescia, 14 Aprili

Mama,

Mko wazima? Dereva amekuja mikono mitupu, anasema aliita getini hukutoka. Simu yako inaita tu. Nilimwandikia Ilinca, akanijibu neno moja: "Tunacheza." Anacheza na nani? Nimemwambia binti wa bibi anifukuze akitaka. Jumamosi nitakuwa nyumbani.

Mwanao

Valea Stânei, 17 Aprili

Mwanangu Dorina,

Pole na safari. Barua hii sikumpa dereva, naiacha mezani uikute. Magoti yameacha kuuma, ajabu.

Nilitaka kuichoma rimoti kama ulivyosema. Ilinca akanishika mikono: "Bibi, usiichome. Shamba ni la watu wawili, Babu hawezi kuvuna peke yake." Kesho yake nilimkuta njiani kwenda mtoni, maji yamejaa kwa theluji iliyoyeyuka, amevaa nguo za kanisani, rimoti kifuani. "Babu amesema niilete," akaniambia, kama mtu anayetumwa chumvi dukani. Nilimburuta mpaka nyumbani. Nguvu sijui nilizitoa wapi.

Padri anasema kilichotolewa kimetolewa. Nami nikakumbuka kwamba kwetu mzee anaweza kujitolea pomana angali hai, ili akifika huko avikute vitu vyake. Jana nilipika, nikaita majirani, nikabandika mshumaa kwenye ile rimoti, nikampa Veta. Nikataja jina langu mwenyewe, "Hii ni pomana ya Glafira." Alisita, akalia, mwisho akaitika.

Usinune. Toader anataka mwenzake, na mwenzake ni mimi. Ilinca hana deni huko.

Leo mtoto ameamka na njaa, amekula mayai na mkate mpaka nikawaonea aibu kuku. Ameuliza utafika saa ngapi. Alipokwenda shule niliketi mbele ya runinga iliyozimwa, namenya viazi, nikaona dole gumba langu linabonyeza mpini wa kisu. Toader ameniita Firuța. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo. Analalamika kama kawaida yake, nimechelewa, ngano imeiva.

Usirudi Brescia. Saa moja kwa siku, na uketi naye saa hiyo yote. Akilia, mwache alie. Ukimkuta mbele ya runinga iliyozimwa, mtoe nje. Na siku akikwambia Bibi anamwita, Dorina, usimruhusu aitike.

Mama yako