Shati Kwenye Kamba ya Jirani

Blacktown, Jumanne

Eti Mama Imani kaanika shati la urubani! Jeupe, linachuruzika maji katikati ya barakoa zao za kitambaa. Kumbe mumewe kauacha mgomo wa marubani, anarusha ndege, na wangu, rubani mwenzake, bado anashika bango nje ya uwanja wa ndege.

Nimemuuliza pale kwenye uzio, naye akanijibu: "Dada, mtoto ana selimundu, na matibabu yanataka pesa. Tungefanyaje?"

Nikasema pole, nikaingia ndani nikawaita wasaliti. Mume wangu akanikatiza: "Waache. Wana mgonjwa."

Na sisi tuna nini? Wazima wote. Mungu anisamehe, nimemwonea wivu hata ugonjwa wa mwanawe.

Jioni nimelipiga pasi shati la urubani la mume wangu, nikalitundika mlangoni. Akaniuliza la nini.

"Lisiote ukungu," nikamjibu, bila kumtazama.