Steringi Uliyemtafsiria Mama

Mdogo wangu Saidi,

Marahaba, ingawa shikamoo yako sijaisikia tangu mavuno.

Mama ameulizia tena upande wa pili wa kanga yake. Ile ya bluu yenye korosho za njano, niliyompindia kwa uzi mwekundu kwa sababu uzi wa bluu uliniishia na yeye hakuwa na subira ya kungoja nikanunue mwingine Kilosa. Anasema panya wa nyumba hii wamezidi, siku hizi wanaondoka na nguo nzima. Nilicheka naye. Baadaye niliingia chumbani kwako, nikakaa kitandani.

Nianze na tamthilia, maana ukiuona mwandiko wangu utadhani nataka kukugombeza tu.

Nimeimaliza, sizoni zote tatu, kwenye ile flashi uliyoiacha. Unakumbuka Jumapili zetu? Tukishakula ulikuwa unafunga pazia kwa sababu picha yenyewe ni giza tupu, na mji ule unanyeshewa mwaka mzima. Mama alikuwa akiuliza hao watu wanaanika wapi nguo. Mimi nilibisha kila kitu: mtu avae kinyago na koti zito namna ile halafu aparamie maghorofa, hilo koti halimkwamishi? Wewe ulininyamazisha kwa mkono. Ulikuwa umeshaiona mara mbili kwenye kibanda chako cha kuuza muvi pale Kilosa, na bado ulitazama bila kupepesa.

Na ulimtafsiria mama. Yeye Kiingereza hajui, mimi nakijua cha kuokoteza, kwa hiyo maneno yote yalipita kwako. Steringi, yule shujaa wa kinyago, akimkamata mtu, ulisema, "Anampeleka kituoni, mama." Damu ikimwagika, ukasema kamtisha tu, kesho atampeleka kituoni. Mama aliitikia, akasema huyo kijana kalelewa vizuri. Nilikuwa nauma upindo wa kanga nisicheke, maana yule mtu hakumpeleka yeyote kituoni hata siku moja. Nilikupenda kwa kumhurumia mama namna ile.

Sasa maoni yangu. Sizoni ya kwanza ndiyo bora, ubishe usibishe. Mle steringi anaogopa. Kila akirudi nyumbani anavua kinyago, anakiosha kwenye beseni, na picha inakaa palepale kwenye maji mpaka unataka kugeuza uso. Ya pili, uliyokuwa ukiisifu mbele ya wateja kwa mapigano yake, ndiyo iliyonitisha. Mle haoshi tena. Halafu kuna ile episodi ya muuza mikate, anayevunjwa mkono na steringi uchochoroni kwa wizi asioufanya. Siku ile uliiruka, ukasema faili limeharibika. Nimeitazama juzi, Saidi. Faili ni zima.

Kwa hiyo ulikuwa umeshaiona. Uliiona kabla ya mavuno, kabla ninyi vijana hamjajipanga kulinda mahindi kule Zombo. Alfajiri ile mlimkuta Rajabu, fundi baiskeli, anatoka kwa wakwe zake na gunia la mahindi alilopewa na mama mkwe wake mwenyewe. Anasema alijieleza mpaka sauti ikamkauka. Mlikuwa watano, mmefunika nyuso. Siku mbili baadaye uliaga kwamba unakwenda Mikumi kutafuta maisha, hukungoja hata chai.

Mkono wa kulia wa Rajabu haushiki spana. Anakaa barazani kwake hapa Kimamba, baiskeli za watu zimeegemezwa ukutani, mkewe anaziba pancha huku yeye akimwelekeza. Nyuso hakuziona. Lakini mkewe alipokuja kwangu kupunguziwa gauni, alinieleza kitu kimoja ambacho mumewe hawezi kukisahau: kitambaa cha bluu kilichokuwa kimemwinamia, korosho za njano, na uzi mwekundu kuzunguka matundu ya macho. Akaniuliza, mimi kama fundi, ni nani hapa anapinda kanga kwa uzi mwekundu. Nilimjibu mafundi ni wengi.

Jioni ile ndipo nilipoufungua mfuko wako uliouacha chumbani. Flashi ilikuwa juu, na kinyago chini yake.

Uliyapinda matundu. Hapo ndipo nilipolia. Pindo dogo la mkono, ncha ya uzi imefichwa ndani, kama nilivyokufundisha ulipokuwa unanisaidia sare za shule. Mtu aliyepandwa na hasira hakai kupinda. Wewe ulikaa, ukatunga uzi, ukawa na muda wa kutosha wa kufikiri.

Tangu hapo mtafsiri ni mimi. Mama akiuliza mbona hupatikani, namwambia Mikumi mtandao unasumbua. Kuna dereva wa lori aliyeniambia huwa anakuona pale yanapoegeshwa magari, unapakia na kupakua, na ukisikia mtu wa Kimamba yupo unatoweka. Mama nilimwambia umepata kazi nzuri. Watu wakisema waliompiga Rajabu ni vijana wa hapahapa, anakutetea bila kuombwa. Juzi kasema, "Wangu angekuwapo angewazuia. Yeye mtu wake ni yule wa kwenye tivii, anayewapeleka watu kituoni."

Nimekukasirikia na nimekukumbuka, na yote mawili yananichosha.

Leo mama anakwenda kumjulia hali Rajabu. Amepika uji wa ulezi. Ule upande wa kanga uliobaki niliuficha chini ya vitambaa vya wateja, na asubuhi hii ameupata akitafuta mkasi. Amefurahi kweli. Anasema ndio wa heshima, ndio wa kwendea kwa mgonjwa.

Ningeweza kumwambia abadilishe. Kanga anazo nyingine, na uongo ninao mwingine. Lakini nimechoka, na sitaki aje kuusoma ukweli usoni kwa Rajabu akiiona kanga hii. Nitamwambia njiani, kabla hatujavuka reli. Nitamwambia na mwisho wa tamthilia, maana kila siku ananiuliza: steringi anakwenda mwenyewe kwa muuza mikate, kinyago mkononi, anabisha hodi. Hatuonyeshwi kama alifunguliwa. Wateja wako walilalamika kwamba haikuisha vizuri. Mimi naona iliishia panapostahili.

Barua hii siitii kwenye bahasha. Nampa yule dereva, akitaka kuisoma aisome. Kutoka Mikumi mpaka hapa ni safari ya asubuhi moja, na mlango wa Rajabu unaujua. Kinyago chako nimekiweka kwenye kikapu, chini ya chupa ya uji. Sijakiosha.

Ujitunze huko, mdogo wangu, hata kama nimekukasirikia. Mama yuko mlangoni, ameshajifunga kanga yake, ananiita tuondoke.

Ni mimi dada yako,
niliyekufundisha kupinda