Kete Zilizolala Kifudifudi

3 Machi

Mwanangu mpinzani,

Salamu tele. Mimi mzima, redio za wateja zinaimba, shangazi yako mzima na mdomo wake mzima pia. Kifua chako je? Unga wa hicho kiwanda cha mikate bado unakukoholesha? Picha yako iko palepale juu ya redio kubwa, naitazama kila asubuhi.

Barua yako niliisoma mpaka ulipofika kwa daktari wa macho, nikaikunja. Macho yangu hayana neno. Baba yako mkubwa alilala kwenye kitanda cha hao madaktari akiona kidogo, akaamka haoni kabisa. Unataka na mimi?

Lakini najua umeng'ang'ania kama kupe, basi tuweke dau kwenye mchezo wetu wa dama. Ukinishinda, nakwenda kupasuliwa. Nikikushinda, neno daktari nisilione tena kwenye barua zako. Sheria ni zilezile za utotoni mwako: anayecheza kete ya mwenzake kama yake ameshindwa papo hapo.

Vifuniko vyako vya soda nimevilaza kifudifudi, viniogope. Vyangu vimetazama juu kama wanaume. Kwa namba zetu za visanduku vya ubao, natoa 24, naweka 20.

Baba yako

19 Machi

Baba, shikamoo,

Mimi sijambo, kikohozi kimepungua. Mgongo wako? Mguu?

Dau nimelikubali, na tangu siku ile situlii. Ubao nimeuchora kwenye kipande cha boksi, nacheza wakati wa mapumziko nimekaa juu ya magunia. Nikijaribu upande wangu najiona mjanja. Nikigeuza boksi nikae upande wako, naona unavyonimaliza. Leo nimeunguza trei mbili nikiwaza kete. Msimamizi kaniuliza kama nina mchumba. Nikamwambia nina baba.

Mbona mistari yako inapandana, baba? Neno "kupe" umeliandika juu ya "dau".

Natoa 10, naweka 14.

Binti yako

6 Aprili

Binti yangu mwenye maswali,

Hatujambo. Mguu unatembea, mgongo unalalamika, ndiyo kazi yake.

Mistari inapandana kwa sababu kalamu ni mbovu. Wewe cheza, acha ukaguzi.

Hiyo 14 yako nimeiona. Unataka nikurupuke. Sikurupuki. Natoa 23, naweka 19.

Baba yako

20 Aprili

Baba, shikamoo,

Natumaini nyote wazima. Mimi mwili mzima, kichwa ndicho hakina raha. Nimeiwaza 19 yako njiani, bafuni, foleni ya mshahara. Nikienda kulia unakula mbili, nikienda kushoto unapata kingi. Kuna njia moja tu nyembamba. Natoa 9, naweka 13.

Jibu upesi. Ukichelewa naanza kucheza pande zote mbili, na zote zinanishinda.

Binti yako

28 Mei

Mwanangu,

Usinune kwa kuchelewa. Sisi wazima. Kazi zimepungua kidogo, watu siku hizi hawapeleki redio kwa fundi. Shangazi yako kaingia na kitambaa chake kufuta meza, nikapiga kelele, ila kaniapia kila kifuniko amekirudisha kwenye kisanduku chake ubaoni. Nimemsifu, jambo ambalo sifanyi ovyo.

Sasa kaa vizuri ukutane na kiboko yako. Natoa 14, naweka 10.

Baba yako

11 Juni

Baba, shikamoo,

Habari za hapo? Mimi si mzima, nisikudanganye.

Kwenye 14 kuna kete yangu, baba. Niliiweka mwenyewe mwezi wa tatu, na wewe uliniambia umeiona.

Kwanza nilicheka. Halafu nikajiuliza kwa nini ulizilaza zangu kifudifudi, wakati zangu ni nyekundu na zako ni kijani. Rangi zilitosha tangu nikiwa mdogo. Kumbe unacheza kwa vidole. Shangazi karudisha kila kifuniko kwenye kisanduku chake, ila hiki kimoja kakiweka kimetazama juu, ukakipapasa ukadhani ni chako.

Nilitaka nijifanye sikuona. Niandike, "Baba, umekosea namba," tuendelee. Nimezunguka uwanja wa kiwanda na wazo hilo mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Nikakumbuka nilipocheza kete yako nikiwa darasa la pili. Nililia mpaka kamasi, na wewe ukakusanya kete ukasema sheria ni sheria.

Umecheza kete yangu, baba. Umeshindwa.

Binti yako

9 Julai

Baba, shikamoo,

Sijui kama hapo mko salama. Hujajibu. Kama umekasirika, nitukane kwa barua, nitafurahi. Kila anayefungua mlango wa ofisi ya kiwanda namtazama mikono kama kashika barua. Naogopa nimekusukuma kule gizani alikokwenda baba mkubwa. Niambie lolote, hata hatua moja tu.

Binti yako

2 Agosti

Mwanangu uliyenishinda,

Salamu. Hatujambo sote, na safari hii siyo salamu ya mdomo tu.

Barua yako alinisomea shangazi yako, kama zote za nyuma. Nilimnunia, nikakununia na wewe, kisha nikamwambia anishike mkono twende. Niliogopa sana, mwanangu. Pale kitandani nilimuuliza daktari mara tatu kama nitaona. Wamefanya jicho moja, la kulia. Waliniambia nisiiname wala kushika kalamu mpaka waruhusu, na ya kukuandikia wewe sikutaka ishikwe na mtu mwingine. Nisamehe kwa kukuweka roho juu.

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye ubao, nikaona ningekumaliza kwa hatua tatu. Umeponea chupuchupu.

Kisha nikatazama juu ya redio. Kumbe kwenye ile picha umevaa sweta la njano, na umefumba jicho moja kwa jua. Miaka miwili nilikuwa nakwambia naitazama kila asubuhi. Nilikuwa naikumbuka tu.

Limebaki la kushoto. Ukishinda, nakwenda. Nikishinda, nakwenda pia, ila safari hii mkono unanishika wewe. Kete nimezipanga upya, nyekundu kwa kijani, zote zimetazama juu.

Anza wewe.

Baba yako