Walianza Bila Mimi

Nyakakika, Karagwe
Jumamosi, 15 Novemba. Asubuhi ukungu, kisha mvua kubwa.

Dada Mghoi, shikamoo. Mama hajambo?

Utume wangu huku umekwisha. Jumatatu naanza safari ya kurudi Taita. Miaka hii miwili nimeongoza ibada ya akina mama kila Jumamosi, na siku nilipougua hawakusali, walirudi makwao. Ndiyo maana niliogopa kwamba nikiondoka, ibada nayo itakufa.

Leo mvua ilinichelewesha. Nilipokaribia kwa Ma Koku, tunakosalia, nilisikia wimbo tangu kwenye migomba. Walikuwa wamekwisha kusoma Neno, na Ma Koku mwenyewe anaomba kwa Kinyambo. Nikasimama mlangoni, nimelowa, mpaka waliposema amina.

"Mmeanza bila mimi?"

"Ulitaka tukungoje mpaka ufike kwenu Kenya?" akajibu Ma Koku. Wakacheka wote, nami nikacheka huku machozi yananitoka.

Siku zote walinikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote hapa. Leo Ma Koku alinipa kisu na chane la ndizi. "Menya, mwinjilisti. Leo hatuna mgeni."

Nimemenya vibaya, wamenicheka tena, tumekula ndizi na maharage mpaka basi. Namshukuru Mungu kwa nyumba ile.

Mbusu Mama, na Mungu awatunze. Madoa haya kwenye kadi ni utomvu wa ndizi, haunitoki vidoleni. Nalala saa nne na robo.

Mdogo wako, Wakio