Picha za Likizo ya Mdogo Wangu

Jumapili, mwezi wa Nane. Itigi.

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Nyumba imetulia. Stella na wanawe wawili wameondoka na basi la alfajiri, Mama amejinyoosha kidogo baada ya chakula cha mchana, na mimi nimekaa barazani na simu, naandika kabla sijabadilisha mawazo.

Nina wivu. Acha niliandike hilo kwanza, nisije nikalizunguka.

Namwonea wivu mdogo wangu wa tumbo moja, na kilichonifikisha hapa ni picha.

Kwa asiyetufahamu: Mama alipata kiharusi kabla ya Pasaka, upande wa kulia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa Itigi, sina mume wala mtoto, kwa hiyo hakukuwa na kikao cha kuamua nani atamwuguza. Nilihamisha godoro langu nikaja nyumbani kwake, nyuma ya stesheni. Asubuhi namwogesha, namnywesha uji, halafu naenda kufundisha. Jirani anakaa naye mpaka nirudi.

Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alituambia mguu utarudi, ila ni lazima atembee kila siku, hata kama ni kuzunguka nyumba tu. Mama hakutaka. Kila jioni nilimsimamisha, na kila jioni alifika kwenye jiko la nje akasema, "Inatosha, Vero. Kesho." Nimembembeleza. Nimegombana naye. Siku moja nililia mbele yake, akanitazama tu kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Mwezi uliopita Stella alipiga simu kutoka Dar. Amepata likizo kazini, anakuja na watoto, na safari hii anataka picha za maana. "Siyo zile za studio, dada, za kusimama mbele ya pazia lenye maua," alisema. "Nataka fotoshuti. Mpiga picha awe wetu peke yetu siku nzima. Nitafutie mtu mzuri wa hapo hapo, umwekee nafasi Jumamosi."

Nikaenda kwa Shabani. Itigi nzima inamjua Shabani, ndiye anayepiga harusi, kipaimara na pasipoti. Alikuwa anafuta kamera kwa kipande cha khanga.

"Picha za likizo?" aliuliza. "Likizo ya wapi, mwalimu?"

"Ya hapa."

"Hapa Itigi?" Alicheka mpaka akaiweka kamera chini. "Haya, mimi nani nikatae. Mtakuwa wangapi?"

Nikamwambia wanne. Stella, watoto wawili, na Mama.

Nilijisikia nikisema wanne. Sijui hata leo kwa nini sikusema watano. Au najua. Nilitaka mtu mwingine anihesabu. Nilitaka Stella aniulize, "Kwani wewe je, dada?" Nikaingoja sentensi hiyo kwenye simu, nikaingoja siku aliposhuka kwenye basi, nikaingoja Ijumaa alipofungua begi na kutoa nguo alizoshonesha kwa kitenge kimoja cha kijani: yake, za watoto, na gauni la Mama lenye mikono mipana.

"Shabani aliniambia kwenye simu tuko wanne," Stella alisema, anakunjua gauni. "Nikajua wewe hupendi mambo ya picha."

Nikamjibu kwamba ni kweli, sipendi.

Ona jinsi nilivyo.

Basi jana asubuhi nyumba ilikuwa na shangwe. Stella alimsuka Mama nywele. Akampaka mafuta mpaka kwenye visigino. Mama akauliza hereni zake ziko wapi, Mama huyu huyu ambaye tangu augue ananiambia masikio yanamwuma. Nikazitafuta. Nikazipata kwenye kopo la vifungo, nikampa Stella, Stella ndiye aliyemvisha.

Shabani alifika, akapiga shikamoo, akamwita Mama bibi arusi. Mama akacheka akifunika mdomo kwa mkono mzima. Walipiga picha barazani, halafu Stella akasema anataka za stesheni, kwa sababu marehemu Baba alifanya kazi ya reli na sisi tulikulia kwenye lile jukwaa. Nikasema niende kukodi pikipiki ya kumbeba Mama.

"Pikipiki ya nini?" Mama akasema. "Ni hapo tu."

Akasimama. Akashika mkono wa Stella, fimbo akaiacha imeegemea ukuta, akaanza kutembea.

Alivuka uwanja. Akapita jiko la nje. Akapita kibanda cha muuza asali, yule mzee akasimama kabisa kumpigia makofi. Akatembea mpaka kwenye jukwaa la stesheni bila kupumzika, gauni la kijani linapepea, wajukuu wanaruka mbele yake. Mimi nilikuwa nyuma, nimebeba kiti cha plastiki na mwavuli.

Mtu mwenye roho nzuri angelia kwa furaha. Miezi yote hii nimemwomba Mungu nione jambo lile. Nimeliona, na nikaumia kama niliyepigwa kofi.

Kwa nini kwake? Kwa nini siyo kwangu?

Pale jukwaani Shabani akampanga Mama. "Bibi, tazama kule upande wa Manyoni, kama unaingoja treni."

"Treni ya saa hizi haipo," Mama akajibu, na wote wakacheka, na Shabani akapiga picha katikati ya kicheko. Lazima iwe nzuri sana hiyo picha. Mama amesimama, Stella amemwegemea begani, watoto wameshika mikunjo ya gauni.

Halafu Stella akageuka, akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, sogea kidogo, kivuli chako kinaingia."

Nikasogea. Nikaweka kiti chini. Na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Kumbe miguu ipo," nilisema kwa sauti. "Miezi yote hii ilikuwa inamsubiri Stella na kamera."

Hakuna aliyecheka. Shabani akaanza kushughulika na mkanda wa kamera. Stella akanitazama kama mtu asiyenijua. Mama hakunitazama kabisa. Uso wake ulishuka, upande ule wenye nguvu ukafanana na upande wenye ugonjwa, akasema, "Nirudisheni nyumbani."

"Mama, bado picha mbili tu," Stella alimwambia.

"Nirudisheni."

Alipojaribu kupiga hatua hakuweza. Ndipo nilipoona. Mguu wa kulia ulikuwa unatetemeka ndani ya kitenge, unatetemeka kama mguu wa ndama aliyezaliwa sasa hivi. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo wote. Nilikuwa nyuma yake njia nzima na sikuliona, kwa sababu nilikuwa naangalia mkono wake kwenye mkono wa Stella.

Nikafika na kiti kabla hajaanguka. Shabani akakimbia kuleta pikipiki yake. Tulimrudisha amekaa katikati, Shabani mbele, mimi nyuma nimemkumbatia kiunoni. Stella alibaki akitembea na watoto, viatu mkononi.

Nyumbani nilimlaza, nikachemsha maji, nikaanza kumkanda. Alilia. Mama yangu halii ovyo, lakini jana alilia kwa sauti, akanitukana kwa Kinyaturu, akaniambia ninamwua. Mguu ulikuwa umevimba kwenye kifundo.

"Kwa nini hukusema kama unauma?" nilimwuliza.

Akafuta machozi kwa kona ya shuka.

"Stella anakuja mara moja kwa mwaka," alisema. "Akiniona nimelala atarudi kwake na kilio, hatafanya kazi, hatalala. Nilitaka aondoke na mama mzima. Wewe hata nikiumwa mbele yako, kesho utakuwepo."

Nilitaka maneno hayo yanitoshe. Nimeyageuza tangu jana kama mtu anayejaribu nguo mbele ya kioo. Kuna wakati naona amenipa heshima kuliko mtu yeyote duniani. Kuna wakati naona kwamba Stella anapewa kicheko na hereni, mimi napewa mguu uliovimba. Yote mawili ni kweli, na hakuna linalolifuta lingine.

Nikamwambia, "Nisamehe, Mama."

"Kanda hapo chini zaidi," akasema.

Huo ndio msamaha wa Mama.

Stella aliporudi hakuniongelesha. Aliagana na Shabani mlangoni, akamwambia picha zilizopo zinatosha. Tulikula wali, watoto wakatutazama kwa zamu. Lakini alipoingia chumbani kumtakia Mama usiku mwema, aliuona ule mguu. Alitoka akakaa jikoni kwenye kigoda, bado amevaa kitenge chake, akasema, "Ni mimi niliyemtembeza."

Ningeweza kumwambia kwamba si kosa lake.  Nilimwacha akae nalo kidogo. Naungama hata hilo.

Leo alfajiri niliwasindikiza stendi. Baridi ya mwezi huu si mchezo, watoto walikuwa wamejifunga mashuka. Basi lilikuwa linapakia madumu ya asali, likachelewa, tukajikuta tumesimama mimi na yeye bila kazi ya mikono. Ndipo nikamwambia jambo ambalo nilikuwa sijalipanga.

"Mwezi wa Kumi na Mbili nataka uje ukae na Mama wiki mbili. Peke yako. Mimi nitaondoka."

"Uende wapi?"

Nikagundua sijui. Sijawahi kufika mbele ya swali hilo. "Popote," nikasema. "Hata Singida mjini. Nikodi chumba karibu na ziwa, niamke asubuhi na nisimwogeshe mtu."

 Niliona Stella anatafuta sababu: kazi, shule ya watoto, mume. Niliziona zikipita usoni kwake moja moja. Halafu akasema kwa sauti ndogo, sauti ya zamani ya yule mtoto niliyekuwa nambeba mgongoni, "Mimi sijui kumwogesha Mama, dada. Hajawahi kunikubalia. Juzi nilijaribu, akasema anamngoja Vero."

Hilo sikulijua. Hakuna aliyeniambia.

"Na jana," akaendelea, "nilipokuwa nimemshika mkono, alikuwa ananibana mpaka vidole vinakufa ganzi. Nikadhani ni mapenzi."

Tulitazamana. Nikaanza kucheka mimi, kisha yeye, kicheko kibaya cha watu waliokosa usingizi, mpaka utingo akatuuliza kama tunapanda au tunaaga.

"Nitakuja," Stella alisema akiwa kwenye ngazi. "Ila niandikie kila kitu. Kila kitu, dada, nisikosee."

Nikarudi nyumbani kwa miguu. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nimepata nilichotaka: wiki mbili, nimeomba kwa mdomo wangu mwenyewe, na nimekubaliwa. Shabani amesema picha zitakuwa tayari Jumatano. Nitazichukua, nitampelekea Mama kitandani, nitajitahidi kuzitazama kama mtu mzima.

Mchana huu nikachukua daftari la maandalio ya somo, nikaanza kumwandikia Stella. Maji yawe ya vuguvugu, ajaribu kwanza kwa kiwiko. Aanze na upande mzima, ndipo auendee ule wenye ugonjwa. Asimvue nguo zote kwa pamoja, Mama anaona aibu. Uji usiwe mzito. Vidonge vyeupe ni vya asubuhi, vya njano ni vya jioni. Akikataa kutembea asibishane naye, amwombe tu waende wakaangalie kuku. Hilo la kuku nimelibuni leo asubuhi, na limefanya kazi: Mama amefika mlangoni na fimbo yake, akanung'unika, akarudi.

Nimejaza karatasi mbili.

Kuna jambo moja limebaki. Ninapommwagia Mama maji mgongoni, akishafumba macho, huwa anaimba. Ni wimbo wa Kinyaturu wa kubembelezea mtoto, anauimba chini chini, nusu ya maneno yamepotea na ugonjwa. Lazima mtu asimame nyuma yake, kidogo kushoto, na amwage polepole, asiseme kitu. Ukisema kitu ananyamaza. Ukimwaga haraka haanzi kabisa.

Hilo sijaliandika.

Kalamu iko hapa. Nafasi ipo chini ya ukurasa, mistari kama minne hivi, inatosha kabisa. Nimeitazama nafasi hiyo tangu nimalize kuosha vyombo, na sasa nasikia Mama amegeuka kitandani, ananiita.

Miezi minne imebaki kabla Stella hajaja. Je, nitakuwa nimeliandika?